Fundi Meno Aliyelichonga Soko

Kuna watu wanadhani meno ya bandia hutoka dukani kama vifungo vya shati: unachagua saizi, unavaa, unaondoka ukitafuna. Hao hawajaingia kwenye kile chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chenye dirisha moja, sinki lililoziba nusu, na vumbi jeupe kila mahali mpaka kwenye nyusi za mwenyewe. Humo alikaa Fundi Meno miaka ishirini na minane. Wagonjwa hawakumjua sura. Walimjua daktari wa mbele, mwenye koti safi na kiti kinachopanda na kushuka. Lakini wale waliokuwa wakicheka kwenye picha bila kuziba mdomo kwa kiganja, walikuwa wakicheka kwa kazi ya mikono ya yule wa nyuma.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja tu, maana bila hiyo mkasa huu hautaeleweka. Daktari humtia mgonjwa mdomoni ujiuji unaoganda, akapata alama ya fizi zake. Fundi humimina plasta kwenye alama ile, na ikikauka anapata mdomo mzima wa plasta, usiosema wala kulalamika. Juu yake hupanga meno kwa nta. Halafu, kabla hajaigeuza nta kuwa plastiki ngumu, meno yale hupelekwa mbele yakajaribiwe kwenye mdomo wenyewe, wenye mate na ulimi na maneno mengi. Mgonjwa huuma karatasi ya bluu. Palipobaki doa, jino limezidi, na fundi hupapiga tupa. Anauma tena, doa jingine, tupa tena, mpaka mgonjwa anasahau kwamba amevaa kitu.

Kwa tupa, Fundi Meno hakuwa na mpinzani. Mimi mwenyewe ni mtu wa kujisifu, na hodari mwenzangu namtambua kwa mbali. Shida yake ilikuwa moja: hakuwa radhi kuona doa.

Soko la hisa lilimwingia kupitia meza. Kila asubuhi alitandika gazeti la zamani juu ya meza yake ili plasta isiishike mbao, na mara nyingi ukurasa uliobaki ni ule ambao hakuna mgonjwa aliyeuchukua, ukurasa wa bei za hisa. Akawa anausoma huku plasta ikikauka. Leo kampuni ya saruji imepanda, kesho imeshuka. Benki imepanda siku nne mfululizo, halafu imelala. Akaanza kuyahifadhi magazeti badala ya kuyatandika. Akanunua kompyuta chakavu ya kliniki daktari alipoleta mpya, na kwa miaka miwili, jioni baada ya kazi, akaingiza kwa vidole viwili bei za miaka minane za kampuni kumi na nne. Mkewe alisema amewahi kuona wanaume wakitekwa na pombe na wengine na wanawake, lakini kutekwa na ukurasa wa kumi na saba, hilo lilikuwa jipya.

Mfumo wake ulikuwa na mistari miwili. Mmoja ni wastani wa bei za siku kumi zilizopita, mwingine wa siku thelathini. Ule wa siku chache ni mwepesi, unafuata bei kama mtoto anavyofuata muziki. Ule wa siku nyingi ni mzito, unainuka kama mzee kitini. Mwepesi ukiukata mzito kwa kwenda juu, nunua. Ukiukata kwa kwenda chini, uza. Basi. Hata mimi, niliyeachana na shule siku hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi, nililielewa hilo kabla chai haijapoa.

Aliujaribu mfumo kwenye bei zake za miaka minane, yaani kompyuta ijifanye imenunua na kuuza siku zile zote zilizopita, ijibu ingepata nini. Ikajibu ingepata kidogo. Faida ndogo, na katikati maporomoko kumi na moja, kila poromoko limemeza kazi ya miezi. Mtu mwingine angesema kidogo si haba. Fundi Meno aliyaona madoa kumi na moja ya bluu. Akashika tupa.

Siku kumi akazifanya kumi na tatu. Maporomoko mawili yakatoweka. Thelathini akazifanya thelathini na saba. Likatoweka jingine. Akagundua kwamba manne kati ya yaliyobaki yalianza siku ya Jumanne, akaweka sheria: Jumanne hakuna kununua. Moja lilihusu kampuni ya vinywaji mara tu baada ya kugawa faida kwa wenye hisa, akaweka sheria kwa vinywaji peke yake. Poromoko moja halikuwa na sababu yoyote aliyoweza kuiona, kwa hiyo akalitungia sababu. Baada ya miezi mitano alikuwa na sheria kumi na moja, na grafu ya faida ilipanda kutoka kona ya chini hadi kona ya juu kama ngazi za hospitali, haina hata sehemu ya kupumzikia.

Aliichapa akaibandika ukutani, juu ya rafu ya midomo ya plasta. Daktari alipokuja kuuliza meno ya mama mmoja, akaiona.

"Fundi, hii nini, presha ya mgonjwa?"

"Hiyo ni pesa ambayo watu wameiacha barabarani miaka minane, Daktari."

"Na hapa umeandika Jumanne usinunue. Jumanne imekukosea nini?"

"Mimi haijanikosea. Namba ndizo zinasema."

Daktari aliisogelea. Hakuwa mtu wa soko, alikuwa mtu wa midomo, na aliuliza swali la midomo. "Umeijaribu kwa mgonjwa, au bado iko kwenye plasta?"

Fundi Meno aliona aibu kidogo, maana swali hilo yeye ndiye huwauliza vijana wanaokuja kujifunza. Akatoka nalo. Akaamua kuutoa mwaka wa nane, wote, auweke kando kana kwamba haujatokea, auchonge mfumo kwa miaka saba tu, kisha aupeleke kwenye mwaka ule kama anavyopeleka nta mdomoni. Hapo alikuwa na akili timamu, na ningependa msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu watu walikuja kusema alikuwa mjinga tangu mwanzo.

Mwaka wa nane uliutema mfumo. Hasara, hasara, faida ndogo, hasara.

Mtu wa meno, nta ikikataa mdomoni, afanye nini? Arudi nyuma, achonge, apeleke tena. Ndicho alichokifanya. Akageuza kumi na tatu kuwa kumi na mbili, akapeleka. Ikakataa. Akaongeza sheria ya benki, akapeleka. Ikakataa kidogo. Mara ya kumi na tisa mwaka wa nane ulikubali, ngazi zikapanda tena vizuri. Akamwambia daktari, "Nimeijaribu mdomoni. Imekaa." Hakumwambia ni mara ya ngapi. Na hilo halikuwa uongo kwake, maana kwa meno, hata ukijaribu mara hamsini ni sawa, mdomo ni uleule na utaondoka na meno yale. Lakini mwaka wa nane haukuwa mdomo tena. Kila alipoutazama na kurudi kuchonga, ulikuwa ukiganda, na kufikia mara ya kumi na tisa ulikuwa plasta kama ile saba. Mdomo wenyewe ulikuwa kesho, na kesho haina alama ya kuchukua.

Sasa aingie Dada.

Dada yake alimzidi miaka kumi na moja. Wazazi walipokufa, yeye ndiye aliyekuwa baba na yeye ndiye mama. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, vidole vyake vikawa na rangi ya sabuni, na kutoka kwenye mashuka yale ndiko ilikotoka ada ya mdogo wake ya kusomea meno. Mumewe, dereva wa lori, alipofariki, watoto wakubwa wa mume waliiuza nyumba na kumpa fungu lake. Hawakumdhulumu, lakini hawakumbakiza. Akaja kwa mdogo wake na sanduku la bati, akawekewa kitanda sebuleni nyuma ya pazia, akapanga viatu vyake chini ya meza ya televisheni.

Fungu lake alimpa mdogo wake alitie kwenye akaunti yake.

"Shika wewe," alimwambia. "Nikikaa nazo mimi, wiki hii mtoto wa fulani anaumwa, wiki ijayo paa la fulani limeezuka. Wewe una sura ya kunyima watu."

"Sura yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ndiyo uzuri wake."

Pesa zile zilikuwa na kazi moja. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa makamo, alikuwa anauza nyumba yake ndogo pembezoni mwa mji: vyumba viwili, kizingiti chekundu, bomba uani, dirisha moja halina kioo. Walipatana bei. Mwalimu alisema atahama baada ya miezi saba, akimaliza mambo ya mirathi yake na kwenda kukaa na binti yake, na siku hiyo Dada alete pesa zote apewe ufunguo. Dada akakubali. Maishani mwake hakuwa amewahi kuwa na mlango unaofungwa kwa ufunguo wake peke yake. Alikuwa mtoto kwao, kisha mlezi kwa wadogo, kisha mke kwenye nyumba yenye watoto wa mwenzake. Kila Jumapili akawa anakwenda kuitazama nyumba kwa nje, anamsalimu mwalimu, anarudi.

Miezi saba. Fundi Meno aliihesabu mara nyingi. Pesa zimelala, mfumo umekaa tayari, na Dada anakwenda kununua vyumba viwili wakati mfumo unasema vingeweza kuwa vitatu, vyenye vioo. Alijiona siku ya kukabidhi akisema, kama mtu asiyejali, "Na hii iliyozidi, Dada, weka bati jipya." Miaka yote yeye ndiye aliyepewa. Alitaka mara moja tu mkono wake uwe juu.

Hakumwambia Dada. Hakumwambia mkewe. Alikwenda kwa dalali wa hisa, ofisi ya ghorofa ya pili yenye kaunta ya kioo, akafungua akaunti kwa binti mmoja mpole aliyemwita mzee wangu, na akaziingiza zote.

Wiki sita za mwanzo mambo yalikuwa mswano. Mistari ilikatana kwenye hisa za vinywaji, akanunua, zikapanda, akauza. Ikawa hivyo tena kwa kampuni ya simu. Alirudi nyumbani na godoro jipya la Dada, nene la kuzamisha mkono, akasema kliniki imetoa bakshishi.

"Kliniki ile?" mkewe akauliza. "Iliyokuomba ulete sabuni yako?"

"Watu hubadilika."

"Watu, sawa," alisema mkewe. "Daktari wako, hapana."

Dada alilikalia godoro, akalipigapiga. "Hili tutalihamisha na mimi," alisema. "Nitampelekea mwalimu salamu kwamba kitanda tayari nina."

Ndipo ikaja saruji. Mistari ilikatana vizuri kama kwenye kitabu, siku ya Alhamisi, sheria zote zikaitikia, akatia nusu ya pesa. Baada ya siku tano bei ikageuka. Mwepesi ukaukata mzito kwa kwenda chini, mfumo ukasema uza, na yeye, mtu wa kufuata mfumo, akaenda kuuza.

Binti wa dalali alitazama kioo cha kompyuta yake muda mrefu.

"Mzee wangu, bei ipo ubaoni. Mnunuzi ndiye hayupo."

"Hayupo vipi? Bei si hiyo hapo?"

"Hiyo ni bei ya mtu aliyenunua juzi. Leo hajatokea anayetaka. Tuweke oda tusubiri."

Kwenye kompyuta yake, kwa miaka minane, kila siku mfumo ulipotaka kuuza, ulikuwa umeuza. Hakuwa hata ameliwazia. Ukurasa wa kumi na saba huandika bei, hauandiki kwamba siku ile nzima watu watatu tu ndio waliouziana. Alisubiri siku tisa za kazi. Kila siku akitoka kliniki alipanda ghorofa ya pili na vumbi lake kwenye nyusi, binti akimwona tu anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Siku ya kumi wakapatikana wanunuzi, kwa bei yao.

Alirudi akihesabu, na hesabu yake haikuwa ya fedha tena. Ilikuwa ya nyumba. Saruji imekwenda na madirisha yote na mlango wa nyuma.

Wakati ule bado angeweza kusimama. Faida za mwanzo zilifidia sehemu, na Dada angenunua nyumba yake kwa kuomba punguzo dogo au kukopa kidogo. Lakini Fundi Meno aliona doa, na mtu aliyeishi kwa tupa hawezi kuliacha doa. Jioni ile aliziingiza siku zile za saruji kwenye kompyuta, akabadilisha thelathini na saba kuwa thelathini na tatu, na tazama, kwa namba hiyo saruji isingenunuliwa kabisa. Akashusha pumzi. Kosa limepatikana. Kesho yake akaanza tena kwa namba mpya.

Soko likaingia kwenye miezi ya kulala. Bei hazikupanda wala kushuka, zilitetemeka tu, na mistari yake miwili ikawa inakatana kama miguu ya mlevi: juu, chini, juu, chini. Kila kukatana nunua, kila kukatana uza, na kila mara dalali alichukua chake, na kila mara bei ya kuuzia ilikuwa pungufu kidogo ya ile ya kununulia. Kila jioni Fundi alichonga. Thelathini na tatu ikawa ishirini na tisa. Jumanne ikaongezewa Ijumaa. Sheria zikafika kumi na saba. Kwenye kompyuta ngazi hazikuacha kupanda hata siku moja. Kwenye kaunta ya kioo, paa likaondoka, kisha ukuta wa nyuma, kisha bomba la uani.

Kazini alianza kuharibu. Alimtengenezea mzee mmoja meno ya juu akasahau kuyapeleka mbele yakiwa ya nta. Akayageuza moja kwa moja kuwa plastiki. Mzee aliyavaa, akajaribu kusema jina lake, yakamdondokea mapajani. Daktari alikuja nyuma na meno yale mkononi.

"Fundi, unaumwa?"

"Nimechoka tu."

"Miaka ishirini na minane hujawahi kuruka nta."

"Nimesema nimechoka, Daktari."

Daktari aliitazama ile grafu ukutani, kisha akamtazama yeye, kisha akaondoka. Wapo watu ambao heshima yao huwafanya wasiulize swali la pili, na baadaye hujilaumu.

Mkewe ndiye aliyejua. Alikuwa akikagua mifuko ya suruali kabla ya kuloweka, akakuta karatasi ya dalali imekunjwa mara nne. Hakuwa msomi wa hisa, lakini jina la mumewe alilijua, na alijua mumewe hana kiasi kile, wala kile cha juu wala kile kilichobaki chini. Alikwenda nayo mpaka kliniki, mchana, na kanga yake ina maji. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Hizi ni za wifi," alisema.

Fundi Meno aliweka tupa mezani.

"Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili za nini?"

"Mfumo nimeurekebisha. Kosa nimeliona."

"Umeliona lini?"

"Jana."

"Na lile la mwezi jana uliliona lini, mwezi jana?" Hakupandisha sauti, upande wa pili wa ukuta palikuwa na mgonjwa mdomo wazi. "Mwambie wewe kabla sijamwambia mimi. Nakupa mpaka Jumapili, tena siyo kwa ajili yako."

Jumapili ilikuwa baada ya siku tatu. Fundi Meno akazitumia siku tatu zile, Mungu amsamehe, kununua hisa za benki kwa yote yaliyobaki. Benki ikatangaza kwamba waliokopa hawalipi. Jumamosi, soko likiwa limefungwa, hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kungoja Jumapili.

Dada alikuwa sakafuni sebuleni, amepiga magoti juu ya kitambaa cha maua, anakata mapazia. Alikuwa amekwishapima madirisha ya mwalimu kwa kamba. Mkasi ulikuwa mkubwa, wa hospitali, aliopewa alipostaafu badala ya hotuba.

"Dada, acha kidogo."

"Sema tu, nasikia kwa masikio."

"Zile pesa hazipo."

Mkasi ukaendelea mpaka mwisho wa mstari, kwa kuwa kitambaa kikikatwa nusu huharibika. Kisha akauweka.

"Nani amechukua?"

"Hakuna aliyechukua. Ni soko."

"Soko ndiyo nani?"

"Soko la hisa, Dada. Nilitaka ziongezeke. Nilikuwa na mfumo, nimeujaribu miaka minane, ulikuwa unakubali kila mahali..."

"Wewe ulimpa nani mkononi?"

"Dalali."

"Mimi namjua?"

"Humjui."

"Haya," alisema Dada. "Basi mimi nilikupa wewe."

Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni, hakusogea. Dada aliuliza kimebaki kiasi gani. Fundi Meno akasema karibu theluthi, labda, kesho ikifunguliwa, na tena benki inaweza kurudi, kwa kawaida ikishuka namna hii hurudi, akingoja wiki tatu au nne...

"Kesho asubuhi," Dada akamkatiza, "utakwenda na mimi, utauza mbele yangu, na utanipa mkononi. Hata ikibaki ya kununulia kizingiti."

Wakaenda. Binti wa dalali alimwita mama, akamletea kiti. Iliwachukua siku nne kuuza, na theluthi ikawa robo. Dada alizipokea kwenye bahasha, hakuhesabu pale, akamwambia binti ahsante, akashuka ngazi akishika ukuta. Njiani hakusema neno la lawama. Fundi Meno alisema baadaye kwamba alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Alikuwa ameyapigia mahesabu.

Mwalimu mstaafu alisubiri mwezi mmoja zaidi ya mapatano. Alikuwa mtu mzuri. Lakini binti yake alikuwa amekwishamwandalia chumba, na walitokea mume na mke wenye pesa taslimu, akawauzia. Wiki ileile walitia kioo kwenye lile dirisha.

Dada hakukaa tena nyuma ya pazia. Mke wa Fundi alimsihi, akalia, akamwambia wifi nyumba hii ni yako. Dada akamjibu kwamba anajua, na ndiyo maana anaondoka angali anaipenda. Kwa umri wa miaka sitini na sita akatafuta kazi. Aliipata kwa wauguzi wa zamani waliomjua: kumtunza bibi mmoja aliyepooza, kumgeuza, kumwogesha, kufua mashuka yake. Mshahara mdogo, chakula na mahali pa kulala. Mahali penyewe ni kitanda cha kukunja chumba kimoja na mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa huita kila saa.

Fundi Meno alimbebea sanduku. Godoro nene halikuenea kwenye kitanda cha kukunja, likarudi. Tangu siku ile sebule yao ilikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikalia.

Ungedhani ameacha. Alisema ameacha. Aliitoa ile grafu ukutani mbele ya daktari, akaichana. Kwa miezi miwili hakugusa kompyuta, akachonga meno tu, na alichonga vizuri kama zamani. Lakini mchana mmoja, plasta ikikauka na hana la kufanya, alifikiri hakuna ubaya kutazama. Akaziingiza bei za ile miezi saba, zote, saruji na benki na ile miezi ya kutetemeka. Akachonga kidogo hapa. Akachonga kidogo pale. Saa kumi jioni akaipata. Wastani mrefu ungekuwa wa siku ishirini na sita. Ishirini na sita tu, si thelathini na saba wala ishirini na tisa, na saruji ingeuzwa juu, miezi ya kulala ingepita bila kununua, benki isingeguswa. Kwa ishirini na sita, siku ya mwalimu ingefika na vyumba vitatu mkononi.

Alivua aproni. Hakunawa. Aliandika namba ile kwenye karatasi, akatembea mpaka nyumba ya yule bibi, mitaa sita, akabisha.

Dada alifungua mlango, mikono ina povu mpaka viwikoni. Alikuwa amepungua.

"Kuna nini, wifi mzima?"

"Mzima. Dada, nimeona kosa lilikuwa wapi." Akamwonyesha karatasi. "Ilikuwa ishirini na sita."

"Ishirini na sita nini?"

"Siku. Zile siku za mstari mrefu. Ningeweka ishirini na sita, ungekuwa kwako saa hizi. Nimeijaribu yote, tangu mwanzo mpaka jana. Haina doa."

Dada aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye usoni, taratibu, kama alivyokuwa akimtazama akiwa mdogo na ana homa. Ndani mgonjwa aliita. Akaita tena.

"Umekula?" Dada akamuuliza.

"Nimekula," alisema, na hakuwa amekula.

"Basi nenda nyumbani. Usipitie kazini, nenda nyumbani. Mwambie wifi nimesema asikuache peke yako jioni." Aliurudisha mlango kwa kiwiko, kwa sababu ya povu, ukabaki wazi kidogo.

Fundi Meno alisimama pale kizingitini pa watu. Kupitia upenyo alimwona dada yake akiinama, akimpitishia bibi mkono chini ya mabega, akimgeuza, akivuta shuka lililolowa. Alitaka kumwambia bado jambo moja, kwamba hata ishirini na saba nayo ingefaa.